Sehemu ya 12: Kuhamisha deni au kufuata zawadi?

Mimi ni nesi wa hospitali, nyumbani kwangu ni Nkololo, na hapa huwa tunaongea mambo ya mama, mtoto na familia changa. Sehemu ya 11 tuliongea homa ya mtoto na dalili zinazokutaka uache kusubiri nyumbani. Leo naomba tuongee hela. Najua kuna atakayesema, nesi na mikopo wapi na wapi? Nivumilieni kidogo.

Ukija kliniki ya wajawazito tunakupima wingi wa damu. Mjamzito tunataka awe na 11 au zaidi. Ikishuka chini ya 7, hiyo ni hatari kubwa kwako na kwa mtoto, maana kujifungua kwenyewe kunamwaga damu. Vidonge vya kuongeza damu tunawapa, na tunawaimbia wimbo ule ule kila siku: dagaa, maharage, majani ya kunde, maini ukipata. Sasa kuna mama alikuja akiwa na 8.4, akarudi baada ya mwezi akiwa na 7.9. Vidonge anakunywa. Nikamuuliza chakula. Akanyamaza, halafu akasema dagaa waliacha kununua, maana kila siku asubuhi lazima itoke 3,500 ya marejesho. Mkopo wenyewe ni ule mnaouita kausha damu. Jamani, sisi huku tunaongeza damu, kule kuna mtu anaikausha, tena kwa jina lake kabisa!

Ndiyo maana nasema mkopo ni habari ya afya. Na swali ninaloulizwa sana na akina mama wodini, kwenye gari la Bariadi, hata kanisani, ni hili: "Nesi, kuna watu wanasema watalinunua deni langu nilipe kwao kidogo kidogo. Na kuna wengine wanasema nikichukua kwao napata zawadi na pointi. Niende wapi?"

Swali zuri. Tulichambue polepole.

Haya mambo mawili ni nini?

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wana kadi za mkopo za aina nyingi, na mbili zinashindana sana. Ya kwanza ni kadi ya kuhamishia deni. Unadaiwa kwenye kadi ya zamani yenye riba kubwa, unapata kadi mpya inayokuambia: lete deni lako hapa, kwa miezi 12, 15, au hata zaidi ya hapo, hatukutozi riba. Wanakata ada ya kuhamisha, mara nyingi asilimia 3 hadi 5 ya deni, basi. Ukimaliza kulipa ndani ya muda huo umepona. Usipomaliza, salio linaanza kuliwa riba ya kawaida, na kule riba ya kadi inaweza kuvuka asilimia 20 kwa mwaka.

Ya pili ni kadi ya zawadi. Kila ukinunua kitu unarudishiwa kidogo, asilimia 1 au 2, au unapewa pointi. Inafurahisha. Ila hela ya zawadi haidondoki kutoka mbinguni. Sehemu inatoka kwenye ada wanayotozwa wenye maduka, na sehemu inatoka kwenye riba ya wale wasiomaliza deni kila mwezi.

Huku kwetu kadi za mkopo ni wachache wanazo. Lakini mambo hayo mawili tunayo, yamevaa nguo nyingine. Kuhamisha deni huku ni pale benki au SACCOS inaponunua deni lako la kwingine. Watumishi mnalijua hili, wale vijana wa benki wanakuja hadi ofisini na fomu. Ni pale pia unapokopa kwenye kikoba ili umalize deni la mtaani. Na zawadi ndiyo hizo Tuzo Pointi za Vodacom, bonasi za bando, kitenge au blanketi la kujiunga, bahati nasibu ya pikipiki. Mikopo ya simu nayo, kina Songesha, Nivushe na Timiza, haihitaji hata zawadi. Urahisi wenyewe ndiyo zawadi: unabonyeza, hela imeingia.

Ilivyotufika sisi

Nitawapa hesabu ya nyumbani kwangu, kwa ruhusa ya baba watoto. Ukiona namba za mtu unaelewa haraka kuliko mahubiri.

Mume wangu ni bodaboda. Alipata ajali, akavunjika mguu, akawekewa chuma. Miezi minne hakupanda pikipiki. Siku ya ajali hukai chini kulinganisha riba, unatafuta hela ilipo. Tulipotulia, madeni yalikuwa mawili. Moja ni 400,000 ya mtu binafsi anayekopesha, riba asilimia 10 kwa mwezi, na kadi ya pikipiki imebaki kwake kama dhamana. La pili ni 300,000 ya simu, ada asilimia 9 kwa siku 30.

Jumla 700,000. Sasa angalieni ilivyokuwa inakwenda. Mshahara ukiingia, 40,000 inakwenda kwa yule bwana kama riba, na deni lake linabaki 400,000 vile vile. Ile ya simu tunalipa 327,000, na kwa kuwa tumebaki watupu, jioni tunakopa tena 300,000. Maana yake kila mwezi 67,000 inatoka na madeni hayajapungua hata shilingi. Elfu 67 kwangu ni unga, mafuta, sabuni na dagaa wa mwezi mzima.

Ndani ya wiki moja zikatujia njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa SACCOS ya kazini. Wakasema watanipa 700,000 nimalize madeni yote mawili, nilipe kwa miezi 12, riba asilimia 1.5 kwa mwezi, inayohesabiwa juu ya salio lililobaki. Ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, yaani 14,000, mara moja.

Njia ya pili ilikuwa kijana wa benki fulani aliyekuja hospitalini kuuza kadi ya mkopo. Kijana mzuri, anaongea vizuri. Kadi ina kikomo cha 1,000,000. Kila ukinunua unarudishiwa asilimia 2. Ukitumia 500,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo unapewa 30,000 ya bure. Ada ya kadi 25,000 kwa mwaka. Usipomaliza deni la mwezi, riba asilimia 3 kwa mwezi.

Mume wangu akaipenda kadi. Msimcheke, hoja yake ilikuwa na akili. Alisema hivi: "Mama, unga tunanunua, sabuni tunanunua, ada ya shule tunalipa. Kama hela itatoka tu, kwa nini isirudi kidogo? Hiyo SACCOS inanipa nini? Inanipa deni jingine." Na akaongeza kitu kilichonigusa: tangu avunjike mguu hajaleta kitu kipya ndani ya nyumba, na hiyo 30,000 ingemnunulia mtoto viatu na sare ya Januari bila kuniomba mimi. Mwanaume aliyekaa kitandani miezi minne, nyie mnaelewa.

Sikubishana usiku ule. Nikachukua daftari.

Daftari lilivyosema

Nikaanza na kadi, nikaipa hesabu nzuri kuliko zote. Tuchukulie matumizi yetu yote ya mwezi, 200,000, yanapita kwenye kadi. Asilimia 2 ni 4,000. Kwa mwaka 48,000. Ongeza zawadi ya kuanzia 30,000, inakuwa 78,000. Toa ada ya kadi 25,000, inabaki 53,000. Kwa mwaka mzima, kila kitu kikienda sawa, tunapata 53,000.

Lakini hapo madeni ya zamani bado yapo pale pale. Riba yake 67,000 mara miezi 12 ni 804,000.

Soma tena mayu. Tunapata 53,000 kwa mkono wa kulia, tunatoa 804,000 kwa mkono wa kushoto. Na mwisho wa mwaka bado tunadaiwa 700,000.

Halafu nikageukia SACCOS. Kila mwezi tunapunguza deni kwa 58,333. Riba ya mwezi wa kwanza ni 10,500, na inashuka kila mwezi kwa sababu salio linashuka. Riba yote ya miezi 12 inafika 68,250. Weka na ada 14,000, jumla 82,250. Ndiyo gharama nzima ya kumaliza deni.

Rejesho la mwezi wa kwanza linakuwa 68,833. Hapo ndipo mume wangu alipokaa vizuri. Akauliza, "Kwa hiyo ni ile ile 67,000 tunayotoa sasa?" Nikamwambia karibu ile ile. Tofauti ni kwamba kule tunatoa na deni halisogei, huku tunatoa na baada ya mwaka limeisha. Toa 82,250 kwenye 804,000, unaona tunaokoa 721,750. Hakuna kadi itakayotupa zawadi ya namna hiyo.

Akauliza tena, na hili nalo ni swali la haki: kwa nini tusifanye yote mawili, tuhamishe deni na kadi tuchukue? Nikamwonyesha ile 500,000 ya miezi mitatu. Ni kama 167,000 kila mwezi kupitia kadi. Sasa hapa Nkololo, duka ninakonunua unga halina mashine ya kadi. Lina karatasi ya Lipa Namba ukutani. Mama wa mboga sokoni anataka noti. Kadi ingetumika Bariadi mjini tu, labda 60,000 kwa mwezi, na asilimia 2 yake ni 1,200. Ili tufikie zawadi ingetubidi tununue vitu ambavyo hatukupanga. Na ukisema utoe hela taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM, kawaida kuna ada ya kutoa na riba inaanza siku hiyo hiyo.

Kijana wa benki niliporudi kumwuliza nani anafaidika na kadi ile, alinijibu vizuri tu bila kuficha: dada, inamfaa mtu ambaye anamaliza deni lote kila mwezi. Nikamshukuru. Sisi wakati ule hatukuwa watu hao.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili. Kama una deni linalokula riba kila mwezi, zawadi si yako kwa sasa. Kwanza shusha bei ya deni. Zawadi ni ya mtu asiyedaiwa, au anayedaiwa na kumaliza kabla riba haijaanza.

Kuhamisha deni nako kuna mitego

Msikimbie sasa hivi kwenda kuhamisha kila kitu. Angalieni mambo haya.

Moja, uliza ada kwa shilingi, usikubali asilimia peke yake. Na uliza kama wanaikata humo humo kwenye mkopo. Wangekata ile 14,000 yetu humo tungepokea 686,000 na tungeshindwa kumaliza deni la zamani. Tuliitafuta mapema tukailipa mfukoni.

Mbili, uliza riba inahesabiwa juu ya nini. Riba ya 1.5 juu ya salio linalopungua ilitugharimu 68,250. Riba hiyo hiyo ya 1.5 ikihesabiwa kila mwezi juu ya 700,000 nzima hadi mwisho, ni 126,000. Namba kwenye tangazo ni moja, hela inayotoka ni karibu mara mbili.

Tatu, muda. Rejesho dogo linavutia. Tungechukua miezi 24 tungepunguza deni kwa 29,167 tu kwa mwezi, lakini riba yote ingefika 131,250. Chagua muda mfupi ambao bado watoto wanakula. Nasema tena, bado watoto wanakula. Usichukue miezi sita kwa sifa halafu mtoto akakosa uji.

Nne, ile nyongeza. Hii ndiyo inaua watumishi wengi. Unakwenda kununuliwa deni la 700,000, wanakuambia mshahara wako unaruhusu 3,000,000, chukua tu, kiasi kinachozidi utaezekea. Ukichukua, hujahamisha deni, umezaa jingine. Kwa watumishi wa umma sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato. Hiyo theluthi ni mpaka wa mwisho kabisa, msiifanye ndiyo bajeti ya nyumba. Mwezi wa sita SACCOS waliniambia naweza kuongeza. Niliwashukuru nikarudi zamu.

Tano, hakikisha deni la zamani limekufa kabisa. Omba maandishi kwamba umemaliza. Chukua dhamana yako mkononi siku hiyo hiyo. Mume wangu alikwenda na shahidi wawili, akahesabu hela, akasainiwa karatasi, akapokea kadi ya pikipiki. Na kama lilikuwa deni la benki au kampuni yenye leseni, kumbuka taarifa za wakopaji hupelekwa kwenye taasisi kama Creditinfo. Deni lisilofungwa vizuri linaweza kukusubiri miaka ijayo ukiomba mkopo wa nyumba.

Sita, yule anayetaka kununua deni lako ni nani? Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu iliweka kikomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na ile 10 ya yule bwana wetu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo aplikesheni ikikuomba ruhusa ya kusoma namba zote za watu kwenye simu yako, simama kwanza. Siku ukichelewa ndiyo hao watakaompigia mama mkwe wako na mwalimu wa mtoto.

Na mimi nisiye na mshahara?

Nawasikia. Wengi hapa ni wakulima wa pamba, mama lishe, wauza mitumba. SACCOS ya kazini hamna. Lakini kuhamisha deni kunawezekana.

Kikoba chako ndiyo mlango wa kwanza. Hata kama kikoba kinatoza riba inayoonekana kubwa, kuna tofauti ya muhimu: riba ya kikoba inaingia kwenye mfuko wenu, na siku ya kugawana mwisho wa mwaka sehemu yake inarudi kwako kulingana na hisa zako. Riba ya kausha damu hairudi kamwe. Kwa hiyo mwenye hisa zake kikobani, akiwa na deni la mtaani la 100,000, aongee na mwenyekiti na mweka hazina, aeleze wazi kwamba anataka kumaliza deni fulani. Kikundi kizuri kinaelewa. Na angalia kama mna mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa, maana mara nyingi deni la kausha damu lilianzia kwa mtoto kuumwa usiku.

La pili ni mazungumzo. Mkopeshaji anataka hela yake. Ukimfuata kabla ya siku ya kushindwa, ukamwambia naomba tusimamishe riba, nitalipa kiasi hiki kila wiki, wapo wanaokubali. Ukimkimbia, anakuja kubeba godoro na sufuria. Kwa mkulima, omba marejesho makubwa yafuate msimu. Hela ya pamba yetu Simiyu huanza kuingia pale ununuzi unapofunguliwa, kawaida kuanzia Mei. Deni linalodai rejesho kubwa Februari, wakati shamba linataka palizi na dawa, linakulazimisha uuze pamba ikiwa bado shambani kwa bei ya hasara.

La tatu ni mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10, wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Haina riba. Lakini niwe mkweli, ile inatolewa kwa vikundi kwa ajili ya mradi, si ya kulipia madeni binafsi. Mkiichukua mkagawana mkalipe kausha damu, kikundi kizima kitadaiwa na mradi hakuna. Itumieni kuanzisha kitu kinachoingiza hela, na hela hiyo ndiyo ikusaidie usirudi kwa kausha damu.

Zawadi ina siku yake

Sisemi pointi ni dhambi. Kama huna deni la riba, na kitu ungenunua hata bila zawadi, chukua pointi zako. Mwaka 2014 Tigo Pesa, ambayo sasa ni Mixx by Yas, ilianza kuwagawia wateja faida ya hela zao zilizokaa kwenye simu. Mtu hakuhitaji kukopa wala kununua kitu kupata mgao ule. Zawadi ya namna hiyo ipokee kwa mikono miwili. Jiulize swali moja tu: ili nipate hiki, je, nitatumia zaidi au nitadaiwa zaidi ya ambavyo ningefanya? Jibu likiwa ndiyo, basi hiyo zawadi unaigharamia wewe mwenyewe.

Kilichokuwa kigumu

Msidhani baada ya hesabu mambo yalikwenda laini. Mwezi wa tatu mama mkwe wangu aliomba 150,000 ya mabati, nyumba yake ilikuwa inavuja. Ni mama aliyenilelea mtoto wangu wa kwanza nikiwa zamu za usiku. Hela ya kumpa tungeweza kuipata kwa dakika mbili kwenye simu. Tulikwenda wote wawili, mimi na mwanawe, tukapiga magoti, tukamwonyesha daftari. Hasomi vizuri, lakini tulimsomea. Tukamwomba asubiri tumalize, na wakati huo mume wangu akaenda kuziba paa kwa nailoni na vipande vya bati alivyopewa na rafiki. Mama alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Haya, nitasubiri." Kwa wiki kadhaa salamu zake zilikuwa fupi. Iliniuma, na bado sijui kama imeisha moyoni mwake.

Nalitaja hili kwa sababu mabango ya mikopo hayataji. Kulipa deni ndani ya ukoo kunamgusa kila mtu, na mara nyingi anayeonekana mchoyo ni mke. Kwa hiyo akina baba mnaosoma, kwenye maongezi kama hayo tangulieni nyie. Mume wangu ndiye aliyeongea kwa mama yake, mimi nilishika daftari tu. Ingekuwa kinyume, leo tungekuwa na ugomvi badala ya salamu fupi.

Sasa tuko tumelipa miezi saba. Limebaki 291,667. Mume wangu amerudi barabarani, na kadi ya pikipiki ipo kabatini kwetu.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika kila deni: nani anakudai, kiasi gani, na kila mwezi linakula shilingi ngapi kama riba au ada tu. Shilingi, siyo asilimia. Kama ni marejesho ya kila siku, hesabu mwezi mzima, halafu toa ulichopokea mkononi. Deni linalokula nyingi kuliko mengine lizungushie duara. Hilo ndilo la kwanza kuhamishwa au kumalizwa, hata kama si kubwa kuliko yote.

Kaeni na mwenzako mlitazame pamoja watoto wakishalala. Kama uko peke yako, mwite dada yako au mama unayemwamini kikobani.

Na wewe mjamzito uliyeandikiwa vidonge vya damu, ukija kliniki na huli vizuri kwa sababu ya marejesho, tuambie. Hatutakucheka. Mimi siwezi kulipa deni lako, lakini tutapanga chakula cha bei ndogo chenye damu, tutakupima mapema zaidi, na ustawi wa jamii wapo hospitalini, tutakupeleka kwao. Usikae kimya mpaka siku ya uchungu.

Sehemu ya 13 nitajibu swali la yule mama wa mapacha: kuwanyonyesha wawili na maziwa hayatoshi. Zamu yangu ni ya usiku wiki hii, kwa hiyo itachelewa kidogo. Usiku mwema mayu.